Geuzeni Noti za Yuan

Mabibi na mabwana, najua wengi humu ukumbini huenda Guangzhou kufuata mzigo, na China mnayoijua ni ya hoteli, stoo na maduka ya jumla. Kwa hiyo leo sikuja na ramani. Mwenye noti za yuan azitoe. Mbele zote zina sura ya Mao Zedong. Zigeuzeni: nyuma kila moja ina picha ya mahali pa kweli nchini China.

Tuanze na ya 20, maana ndiyo iliyo jirani yenu. Vilima hivyo vilivyochongoka viko kando ya Mto Li, karibu na mji mdogo wa Xingping, katika jimbo la Guangxi. Kutoka Guangzhou mnapanda treni ya mwendokasi hadi Guilin, kama saa tatu hivi, kisha boti za watalii huteremka na mto kuelekea Yangshuo. Vilima ni mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari ya kale. Yalipoinuka, maji ya mvua yenye asidi kidogo yakayala taratibu, ikabaki hiyo minara. Aliyeingia Mapango ya Amboni kule Tanga ameiona kazi hiyohiyo ya maji. Guilin nako kuna mapango. La Ludi lina maandishi ya wino ya mwaka 792, ingawa taa za rangi walizotundika humo mimi zinanikera.

Pale Xingping utawakuta watu ukingoni wamefumba jicho moja, noti imeinuliwa, wanaisogeza huku na huku mpaka vilima vya kwenye karatasi vikae sawa na vya kweli. Noti nendeni nayo, kwani kule hamtaishika kirahisi: China siku hizi hata muuza machungwa analipwa kwa simu. Mtawaona pia wazee wenye ndege aina ya mnandi. Zamani ndege hao walifungwa uzi shingoni wasimeze samaki mkubwa, wakamvulia mwenye chelezo. Sasa wengi kazi yao ni kupigwa picha kwa malipo. Na vyelezo vingi vya watalii ni mabomba ya plastiki yenye injini, si mianzi. Msishangae.

Ya 1 ni Ziwa Magharibi, Hangzhou. Ya 5 ni Mlima Tai, wenye ngazi za mawe zaidi ya 6,000; magoti yakigoma, kuna magari ya kwenye nyaya. Ya 10 ni korongo la Qutang katika Mto Yangtze. Ya 50, Kasri la Potala mjini Lhasa, Tibet, msiikurupukie: mgeni huhitaji kibali cha Tibet mbali na viza, nacho huombwa kupitia wakala wa safari, na mji uko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Ya 100 ni ukumbi wa mikutano, Beijing. Tuiache.

Wiki ya kwanza ya Oktoba msisafiri. Ni sikukuu ya taifa, na tiketi za treni ni za kugombania. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou hufunguliwa katikati ya mwezi huohuo. Malizeni shughuli zenu, mzigo ukabidhiwe kwa wakala, ndipo mwende Guilin: mvua zimepungua, joto limeshuka. Haya, maswali.