Namba iliyoninyima usingizi

BAHATI: Jambo sana wasikilizaji, hapa ni Bukavu. Mvua imetuachia kidogo, basi turekodi haraka kabla haijarudi kupiga bati. Niko na Mama Faida. Mama, leo ni CD4, kile kipimo cha damu cha wenye virusi vya UKIMWI.

MAMA FAIDA: Tuongee. Nameza dawa tangu 2009, na namba zangu zote niliziandika nyuma ya daftari la mtoto. 180, 260, 340... Nilizisoma kama pointi za shule.

BAHATI: Siku moja zikashuka.

MAMA FAIDA: Kutoka 640 mpaka 510! Nilipanda Kadutu kwa miguu bila kuona njia. Sambaza, wale samaki wadogo, nilizonunua nikazisahau mezani, paka akazimaliza. Mwezi mzima najipapasa shingo, natafuta tezi.

BAHATI: Kumbe?

MAMA FAIDA: Kumbe nilikuwa nimetoka tu kwenye malaria. Tena mara ya kwanza walinitoa damu jioni, safari hii asubuhi. Muuguzi akanieleza: CD4 haitulii. Asubuhi huwa chini kuliko jioni, ugonjwa unaishusha, mimba inaishusha, hata maabara mbili hazikubaliani. Ikishuka kama asilimia 30 ndipo wanaitilia maanani.

BAHATI: Asilimia 30 ya 640 ni kama 190. Wewe ulipoteza 130, asilimia 20 tu.

MAMA FAIDA: Paka alikula bure.

BAHATI: Kwa msikilizaji mgeni: CD4 ni aina ya chembe nyeupe za damu, ndizo virusi vya UKIMWI vinazoshambulia. Mtu mzima asiye na virusi huwa nazo kati ya 500 na 1500 hivi katika mikrolita moja ya damu. Watu husema "askari wa mwili".

MAMA FAIDA: Hapa kwetu mtu akisikia askari anafunga mlango! Mimi nasema walinzi wa usiku. Haya, umewahesabu. Mwizi je, yuko wapi? Hilo linajibiwa na wingi wa virusi, ile shaji virale.

BAHATI: Ambayo Shirika la Afya Duniani linaitanguliza tangu 2013. Unapimwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena miezi 12, kisha kila mwaka.

MAMA FAIDA: Na ndiyo inayowahi kusema. Ukianza kuruka vidonge, virusi vinapanda kwanza. CD4 inaporomoka baadaye. Ukipita kopi 1000 za virusi, wanakaa na wewe: unamezaje, uliruka siku ngapi, unameza na nini? Maana dolutegravir, dawa yenyewe ya virusi, na vidonge vya kuongeza damu, ukivimeza pamoja tumbo tupu, chuma kinaishika dawa isiingie vizuri. Meza dolutegravir masaa 2 kabla ya vidonge hivyo, au masaa 6 baada yake. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu vilevile. Halafu baada ya miezi 3 wanapima tena.

BAHATI: Basi CD4 tuitupe?

MAMA FAIDA: Weee! Anayeanza leo, aliyeacha dawa akarudi, anayeumwa, virusi vikipanda: hao wapimwe. Chini ya 200 mambo mengine yanaanza. Wanatafuta kifua kikuu mpaka kwenye mkojo, wanatafuta kwenye damu wale fangasi wanaovamia ubongo, kabla kichwa hakijauma. Wanatoa kotrimoksazoli, dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi. Rafiki yangu alirudi kituoni, sikitaji, amekaa mwaka bila dawa, amekonda. Wakamwambia mashine imekufa, uje siku nyingine. Mtu wa namna ile harudishwi nyumbani hivyo, hata mashine ikiwa imekufa kweli. Mimi mpaka leo nikipita pale ninageuza uso.

BAHATI: Pole, Mama.

MAMA FAIDA: Endelea.

BAHATI: Na virusi vikiwa vichache hata mashine haivioni, je?

MAMA FAIDA: Humwambukizi mwenzako kitandani. Shirika lilisema wazi 2023: hatari ni sifuri. Mume wangu alisikia akaniuliza, "Sasa zile kondomu za kabatini?" Nikamjibu kaswende haijasoma hiyo karatasi.

BAHATI: Mama Faida! Haya, CD4 yako leo ni ngapi?

MAMA FAIDA: Sijui.

BAHATI: Hujui?

MAMA FAIDA: Mwaka wa nne huu hawanipimi. Virusi havionekani kila mwaka, siumwi, wakaona haina haja. Daftari lenyewe mtoto alilifunikia vitabu vyake.

BAHATI: Na unalala?

MAMA FAIDA: Hata mvua ikipiga bati.