Kishikwambi Kinaonyesha Dhoruba Ilikokuwa

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wavuvi, waendesha boda, wapiga picha na walimu

Hamjambo wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka fukwe za Dunga na Usoma mkaacha shughuli zenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufuatilia dhoruba kwa kishikwambi. Nina jambo moja, na nitalisema mapema ili hata atakayetoka katikati asitoke mikono mitupu: unachokiona kwenye kioo ni dhoruba ilikokuwa, si iliko. Anayejua picha yake ina umri gani, kifaa hiki kitamfaa sana. Asiyejua, heri atazame milima ya Nandi kwa macho yake.

Kazi hii ilikomaa Marekani, kwenye tambarare za Oklahoma, Kansas na Texas. Huko watu huendesha gari mamia ya kilomita wakifuata mawingu makubwa, wengine kwa utafiti, wengine kwa picha. Kishikwambi hufungwa karibu na usukani, juu yake rada, barabara na alama ya gari lao zikionekana kwa pamoja. Nyuma ya picha hiyo kuna mtandao wa rada zipatazo 160, na kila rada huhitaji dakika kadhaa kumaliza kupekua anga. Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo iliwaonya marubani kwamba picha iliyounganishwa kutoka rada nyingi inaweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya ule ulioandikwa kwenye skrini. Hao ni marubani, watu waliosomea kazi yao, na bado ilibidi waambiwe.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, kimbunga cha aina ya tornado, nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi, kilipanuka kwa haraka hadi upana wa zaidi ya kilomita 4 na kubadilisha mwelekeo. Kilimuua Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Samaras alikuwa mtafiti aliyeheshimiwa kwa uangalifu wake. Namtaja kwa heshima, na ninamtaja kwa sababu vijana wengi huona video za huko wakatamani kuwasha pikipiki. Mimi sikubaliani na kufukuza dhoruba kwa magurudumu hapa kwetu. Tambarare zao unaona wingu likiwa mbali sana. Sisi tuna vilima, miti, barabara za udongo zinazoteleza, na mvua inayofika giza linapoingia. Tuchukue ujuzi wao wa kusoma picha, mbio tuwaachie.

Sasa tuje nyumbani. Wengi mnajua kwa mazoea yale nitakayoyaeleza, ila ni vizuri kujua sababu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka Ziwa Victoria ukapanda kuelekea Nandi na Kericho, ukakutana huko na upepo wa mashariki. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana mashamba ya chai ya huko ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Jioni mawingu hayo husukumwa kurudi magharibi, yakashuka juu ya uwanda wa Kano na kutufikia hapa. Usiku mambo hugeuka. Upepo hushuka kutoka nchi kavu pande zote, unakutana juu ya ziwa, na ngurumo huanza kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa omena, yaani dagaa, wana taa majini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ziwa lote hupoteza watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Kila mmoja humu ndani anamjua mtu aliye katika hesabu hiyo.

Jicho letu kubwa ni setilaiti. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, imesimama juu ya ikweta upande wa magharibi mwa Afrika, na hutuma picha ya bara zima kila dakika 10. Usiku hatuoni mawingu kwa mwanga, tunayaona kwa joto lake: kilele kikiwa juu zaidi ndivyo kilivyo baridi zaidi, na programu hukipaka rangi kali. Kikifika nyuzi 60 au 70 chini ya sifuri, hilo ni wingu la ngurumo. Fuateni kiini cha rangi hiyo, si ukingo wake, kwa maana ukingo ni utandu unaosambaa mbali na usio na mvua.

Hapa ndipo kioo kikubwa kinapoishinda simu. Unaweka picha za saa mbili zikijirudia, unaona kutoka Mlima Elgon hadi Mwanza kwa mtazamo mmoja, na watu wanne mnaweza kusimama mkabishana juu yake.

Tuchukue mfano tuhesabu pamoja. Saa tisa alasiri kiini kiko juu ya Muhoroni. Saa kumi kiko juu ya Ahero. Hizo ni kama kilomita 30 kwa saa moja. Kutoka Ahero hadi hapa ni kama kilomita 20, yaani dakika 40. Kijana pale nyuma anasema tuna muda wa kuanika omena na kuianua. Subiri, ndugu yangu. Picha ya saa kumi hukuipata saa kumi. Imepigwa, imeshushwa, imechakatwa, imepandishwa kwenye programu. Tuseme zimepita dakika 20. Zimebaki 20.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaambiwi. Setilaiti inatutazama kwa mshazari kutoka magharibi. Kilele kilicho kilomita 15 angani, picha isiporekebishwa, huchorwa kwenye ramani kilomita 12 hivi mashariki ya mahali pake halisi. Kwa hiyo kiini ulichokiona Ahero kilikuwa kimeshatukaribia kwa kilomita hizo 12, na kwa mwendo uleule hizo ni dakika 24. Zile 20 zilizobaki zimekwisha. Na kabla ya mvua hutangulia upepo wa baridi, ule unaoinua vumbi na kupindua mitumbwi. Dhoruba imeshafika, na kioo chako bado kinakuambia iko Ahero.

Ndiyo maana ninawasihi: kabla ya kutazama rangi, tazameni saa. Na hiyo saa nayo ina mtego. Picha nyingi huandikwa saa za Greenwich. Ikisoma 13:00, kwetu ni 16:00, nasi tunaiita saa kumi jioni. Nimeona watu wenye akili timamu wakibishana juu ya picha wakidhani ni ya saa saba mchana. Andika kwa kalamu kwenye kifuko cha kishikwambi: ongeza tatu.

Juu ya kifaa chenyewe sina mengi. Ukinunua, uliza kama kina GPS. Baadhi ya vile visivyo na laini, kwa mfano iPad ya Wi-Fi pekee, havina, na bila hiyo hutajiona kwenye ramani ukiwa majini. Pakua ramani ukiwa bado na mtandao. Jua la mchana hukichosha: iPad imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35, ikizidi hapo hupunguza mwanga au kujizima. Matone ya mvua nayo hukifanya kioo kifungue vitu ambavyo hukugusa, kwa hiyo kazi ya kutazama imalizike ufuoni, mtumbwi ukiwa bado umefungwa. Na taarifa za Idara ya Hali ya Hewa zisomwe kwanza. Mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia kuleta utabiri wa ziwa kwa lugha ya wavuvi. Utabiri hukuambia usiku utakuwaje, kishikwambi hukuambia kama unatimia.

Sasa maswali. Ndiyo, mama.

Mama ameuliza: "Mwanangu, mimi nina simu ndogo tu, nifanyeje?" Mama, ufuo mmoja hauhitaji vishikwambi ishirini. Kinatosha kimoja, kikae ofisi ya ufuo, na mtu mmoja anayeaminika akitazame jioni na tena kabla ya mitumbwi kuondoka, halafu akupigie. Gharama yake ni bando la mwezi, na nadhani chama cha ufuo kinaweza kuilipa.

Mzee wetu anauliza kama hiki kidude huvuta radi. Hapana, mzee, hakivuti. Kinachovuta ni urefu wako ukiwa umesimama kwenye mtumbwi au uwanjani. Ila usikishike kikiwa kwenye chaja dhoruba inapopiga, kwa maana umeme hupitia nyaya za nyumba.

Na wewe wa boda? Unauliza utajuaje ni wakati wa kusimama ukiwa njiani, bila mtandao. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ngurumo ikija kabla ya thelathini, iko ndani ya kilomita kumi nawe. Egesha pikipiki, msiende chini ya mti, ingieni dukani wewe na abiria wako, na mkae hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.