Kuwa Sawa na Wenzako Mezani Ni Kuliwa

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie poka ya pesa taslimu, yaani si ya mashindano. Unakaa mezani na pesa yako, unaondoka saa utakayo, na chipu ya shilingi 100 ni shilingi 100. Nawaona baadhi yenu ambao tumewahi kukaa meza moja. Najua kilichowaleta, maana ndicho kilichonisumbua na mimi: unaliwa, unarudi, unaliwa tena, na hujui ni kwa nini.

Nitawaeleza nilivyokuja kujua sababu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua daftari la shule, lile la jalada la bluu. Nilichora safu nne: tarehe, saa nilizocheza, pesa niliyoingia nayo, pesa niliyotoka nayo. Baada ya miezi sita nilijumlisha. Saa 212. Nilikuwa nimeliwa shilingi 148,000. Kabla ya hapo mngeniuliza, ningeapa kwamba nipo chini kwa elfu hamsini hivi. Kichwa cha mchezaji kinahifadhi usiku alioshinda na kuuacha upepo uchukue mingine yote.

Sasa, jambo la kwanza nililojiuliza ni kama ni mkosi tu. Swali hilo ni la haki, na poka ina jibu lake. Katika migao 100, yaani karata zikigawiwa mara 100, mchezaji wa kawaida anaweza kupanda au kushuka kwa madau makubwa 80 hadi 100 kwa bahati peke yake. Dau kubwa ni lile la lazima lililo kubwa zaidi, kwetu shilingi 100. Kadiri migao inavyoongezeka, bahati hujisawazisha, lakini polepole mno. Kwa saa 212, migao kama 6,000 na ushee, mkosi wa kawaida ungeweza kunishusha elfu sabini hivi. Mimi nilishuka mara mbili ya hapo. Ingewezekana kuwa ni mkosi mkubwa, ila mwenye akili haanzii hapo.

Jioni iliyofuata sikucheza. Niliketi nyuma ya rafiki yangu nikawa natazama kitu kimoja tu: kile kitundu mezani ambamo mgawaji anadumbukiza makato ya kasino. Meza yetu ilikuwa ya watu tisa, madau ya lazima, ambayo watu wawili huweka kabla ya kuona karata, 50 na 100, na wengi wetu tulikaa na 10,000. Kasino ilikata asilimia 10 ya kila fungu, yaani pesa yote iliyowekwa katikati katika mgao, isizidi 500. Nikahesabu kwa saa nzima. Wastani ulikuwa kama shilingi 200 kwa mgao, na mgawaji aligawa migao kama 30. Hiyo ni 6,000 kwa saa. Gawanyeni kwa watu tisa: kwa wastani kila mmoja wetu alikuwa akilipa 667 kwa saa.

Nikazidisha kwa saa zangu 212. Nikapata 141,000 na kitu.

Tafadhali tulieni hapo kidogo, maana mimi nilitulia hapo usiku kucha. Nilikuwa nimeliwa 148,000, na makato peke yake ni 141,000. Maana yake ni kwamba sikuwa mchezaji mbovu kuliko wenzangu. Nilikuwa sawa nao, karibu sawasawa kabisa. Na kwenye meza inayokatwa, watu tisa walio sawa wote wanaliwa. Pesa haibaki ikizunguka kati yao, inatoka mlangoni. Kwa meza kama ile, baada ya saa nne zimeshaondoka 24,000 katika zile 90,000 tulizokaa nazo.

Kwa hiyo ndugu yangu anayesema, "Mimi najua kucheza, tatizo ni karata," huenda anasema kweli kwamba anajua kucheza. Anajua kama wanavyojua wenzake wanane. Hapo ndipo pesa yake inapoishia.

Basi niliongeza safu katika daftari. Karata zote huwezi kuziandika ukiwa mezani, na watu watakuchukia. Niliandika mambo mawili: kila dau la mwisho nililofuata, yaani nililolipa sawa na mwenzangu ili nibaki mchezoni, na saa ya usiku pesa ilipotoka. Miezi mitatu mingine.

Nianze na madau ya mwisho, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kila mtu ana karata mbili zake, na tano za wote hufunguliwa mezani: tatu kwanza, kisha moja moja. Karata ya tano imeshafunguliwa, mwenzako anaweka dau, wewe una jozi ya wastani, na unafuata "ili nimwone". Nilifuata mara 41. Nilishinda mara 7. Mtu akikuwekea nusu ya fungu, tuseme fungu ni 4,000 naye ameweka 2,000, wewe unatoa 2,000 upate 6,000. Unahitaji kushinda mara 1 katika 4 ili usile hasara. Kwa mara 41 ningehitaji kushinda 10 na zaidi. Saba hazitoshi. Kwa madau ya ukubwa huo, hapo tu nilimwaga kama 26,000.

Nichukue mmoja wa migao hiyo, kwa sababu niliuandika wote. Nilikuwa wa kwanza kusema baada ya madau ya lazima, nina ree ya kopa na tisa ya shupaza. Nikapandisha hadi 300. Wote wakatupa isipokuwa mzee mmoja mfanyabiashara, mpole, aliyekaa mwishoni. Fungu 750. Zikafunguliwa ree ya uru, saba ya pau, mbili ya shupaza. Nimepata jozi ya ree, moyo ukapasuka kwa furaha. Nikaweka 500, mzee akafuata. Ya nne, malkia wa pau. Nikaweka 1,000, akafuata. Fungu 3,750. Ya tano, nne ya uru. Nikagonga meza, yaani sikuweka dau, nikamwachia. Mzee akahesabu chipu zake polepole, akazipanga mistari miwili, akasukuma 2,000.

Hebu tuhesabu pamoja kama nilivyopaswa kuhesabu pale. Ree zilizobaki ni mbili, maana moja ninayo na moja iko mezani. Wafalme ni wanne. Kwa hiyo ree na mfalme anaweza kuwa nazo kwa njia 8. Ree na malkia, njia 6. Ree na ghulamu, 8. Ree na kumi, 8. Ree na saba, 6. Saba mbili mkononi, 3. Mbili mbili, 3. Nimeacha karata chache za ajabu. Tayari ni njia 42 za kunishinda. Ninazoshinda mimi, kama ree na nane, mzee wa aina yake asingeziwekea dau. Angegonga meza nasi tufunue. Kilichobaki ni mkwara, yaani kuweka dau bila karata za kushinda. Ili 2,000 zangu ziwe na maana, dhidi ya njia hizo 42 zote ningehitaji njia kama 15 za mkwara. Na mzee huyu nilikuwa nimekaa naye miezi mitatu bila kumwona akipiga mkwara hata mmoja.

Nilifuata. Akaonyesha ree na malkia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulijua." Ni kweli, nilijua. Mkono wangu ulikuwa unasukuma chipu na kichwa kinajua.

Lakini kosa halikuwa pale mwisho. Lilianza karata zilipogawiwa. Ree na tisa zisizo za aina moja, ukiwa wa kwanza kati ya tisa, ni za kutupa. Watu wanane wako nyuma yako, na anayekufuata mara nyingi ana ree kubwa kuliko yako. Aliyekaa mwishoni anasema akiwa ameshakuona. Wewe unasema gizani. Aina za karata mbili za kuanzia ni 169. Nikiwa wa kwanza sasa nacheza chini ya moja katika nane ya zinazonijia. Ni kazi ya kuchosha. Mnakaa saa nzima mnatupa, jirani anacheka. Acheni acheke.

Safu ya pili ilikuwa ya usiku, na hii haihitaji hesabu ndefu. Nikarudia miezi sita yote kwa kukumbuka na kwa safu ya saa. Saa 38 kati ya zile 212 zilikuwa baada ya saa sita usiku, karibu zote nikiwa nimeshaliwa mtaji wa kwanza na nimeongeza wa pili ili nikomboe. Saa hizo 38 zilikula 61,000. Sikuwa nacheza poka. Nilikuwa nafukuza pesa. Siku hizi nikimaliza mtaji mmoja nainuka, hata kama meza ni tamu. Na nawasihi, hasa vijana: kama pesa unayokaa nayo ni ya kodi ya nyumba au karo, usikae. Rafiki yangu wa karibu aliuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa anajua kucheza kuliko mimi.

Kuna jambo la Marekani linalonisaidia nikichoka na daftari. Januari 2017, kwenye kasino iitwayo Rivers huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iliyoitwa Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na wachezaji wanne mahiri kwa siku 20, migao 120,000. Mbona mingi hivyo? Kwa sababu pungufu ya hapo bahati ingeendelea kubishana na ujuzi. Tena karata walizogawiwa mtu na mashine katika chumba kimoja, zilibadilishwa pande katika chumba kingine, ili asiwepo wa kusema alinyimwa. Mashine ilishinda. Ninachokipenda mimi ni kilichotokea usiku: wachezaji walipokwenda kulala, mashine ilikuwa ikitazama ni wapi walikuwa wakiipenyea, na kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Ilikuwa ikiziba kila usiku.

Daftari langu la pili ni la saa 180. Nipo juu kwa 19,000. Sitaki mlipigie makofi, kwa sababu mmeshasikia hesabu: kwa saa hizo bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha mtu zaidi ya elfu sitini. Ninachoweza kuwaambia kwa uhakika ni kwamba madau ya mwisho niliyofuata safari hii ni 19, nimeshinda 8, na saa za baada ya usiku wa manane ni 4.

Daftari la kwanza hili hapa. Ukurasa wa ule mgao wa mzee nimeukunja pembe. Anzeni kulizungusha upande wa dirishani, na mwenye swali anyooshe mkono.