Anayeileta Chanjo Ndiye Anayepimwa

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Mlipuko wa ugonjwa ukianza, serikali hututaka tuisikilize. Nasi tuna haki ya kuuliza: yenyewe ilitusikiliza lini? Nitaanzia Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo.

Ebola ilitangazwa huko Agosti 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji hiyo. Walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi. Robo hivi walisema Ebola haipo kabisa. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini hawa walikuwa wakiuawa na makundi yenye silaha miaka nenda miaka rudi, na kilio chao hakikuleta msafara wa magari. Ebola ilipoingia, magari na fedha zikamiminika. Ungekuwa wewe, usingeshuku?

Kisha tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya miji hiyo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Sehemu nyingine za nchi zilipiga kura tarehe 30, na rais akaapishwa Januari. Kura ya urais ya Machi ingekuwa ya kazi gani? Kesho yake baada ya tangazo hilo, tarehe 27 Desemba, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Na ilipofika tarehe 30, wakazi wakajiandalia uchaguzi wao wenyewe, wakapanga foleni, wakanawa mikono kabla ya kupiga kura.

Walinawa mikono! Somo la usafi walikuwa wamelielewa vizuri. Waliloshindwa kumeza ni ugonjwa kutumiwa kuwanyang'anya sauti.

Wakati wa UVIKO-19 makosa yalikuwa ya namna nyingine. Februari 2020 daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliwaambia raia waache kununua barakoa, haziwasaidii, ila wahudumu wa afya wakizikosa watakuwa hatarini. Hata mtoto angeuliza: zinamkinga muuguzi, mimi zinanikataa? Wangesema tu kwamba barakoa ni chache, wauguzi watangulie. Aprili shauri likageuzwa, na wengi walikuwa wameshaacha kusikiliza.

Denmark ilichukua njia ngumu zaidi. Machi 2021 ilisimamisha chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya visa adimu vya damu kuganda, na Aprili ikaiacha kabisa, ikieleza hadharani sababu zake. Wapo waliohofia kwamba watu wangekimbia chanjo zote. Kufikia Septemba, zaidi ya wanane kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 12 na kuendelea walikuwa wamekamilisha chanjo.

Sisemi kila nchi ingeweza kuiga. Denmark ilikuwa na chanjo nyingine, na raia wake waliiamini serikali tangu kabla ya janga. Nchi yenye chanjo ya aina moja tu italazimika kueleza hatari zote mbili, ya kuchanjwa na ya kutochanjwa, kisha ikae ijibu maswali. Na ningependa ajibu yule mhudumu wa zahanati aliyekuwepo kabla ya mlipuko, waziri asubiri zamu yake.