Iacheni Meinfremu Iwe Nodi ya Mwisho

Wenzangu, historia ya SNA, mfumo wa mtandao wa IBM, mnaijua, naiacha. Naingia moja kwa moja kwenye mstari mmoja wa ATCSTR, orodha ya chaguo za kuanzishia VTAM (programu ya mtandao ya meinfremu): NODETYPE, unaosema mashine ni nodi ya aina gani. Bado kuna mitandao ya APPN (SNA ambayo nodi hutafutana zenyewe) yenye mashine 10 za VTAM, na zote 10 zimeandikwa NODETYPE=NN, yaani nodi ya mtandao, inayopitisha trafiki ya wengine. Ukiuliza sababu, unajibiwa: “Hii ni mashine kubwa, itakuwaje nodi ya mwisho?” Jamani, ukubwa wa mashine hauhusiki hata kidogo! Nodi ya mwisho ni ile ambayo trafiki ya wengine haipiti ndani yake, basi. CICS na IMS, programu za miamala za meinfremu, zipo kuhudumia watumiaji wake, si kuwapisha wapita njia.

Tupige hesabu. Nodi za mtandao 10, kila moja ikifungua sesheni za CP-CP (mazungumzo ya udhibiti kati ya nodi) na kila mwenzake, ni jozi 45. Kila jozi ina sesheni mbili, kwa hiyo 90. Kila nodi inatunza ramani nzima ya topolojia, na kiungo kati yao kikianguka, taarifa inazungushwa kwa zote. Jina lisilojulikana likitafutwa, zote zinabishiwa hodi. Sasa mashine zile zile zipange upya: nodi za mtandao 2, nodi za mwisho 8. Nodi ya mwisho ina seva moja tu, yaani nodi ya mtandao inayoihudumia, kwa wakati mmoja. Jozi 9, sesheni 18.

Hapo mtu atanyoosha mkono: “Basi data yote itapitia seva hizo 2, zitaelemewa.” Hapana, na nitalirudia hili hadi lieleweke. Kinachopita kwa seva ni swali: jina fulani liko wapi? Nodi ya mwisho inapouliza, inaambatanisha maelezo ya viungo vyake. Upande wa pili nao unajibu ukitaja vyake. Seva inashikiza ncha hizo mbili kwenye ramani yake, kisha inakokotoa njia. Kama pande zote mbili mmezitangazia nodi pepe moja, VRN, inayowakilisha mtandao wa pamoja, juu ya Enterprise Extender (APPN inayosafiri juu ya IP), njia itakayochaguliwa ni ya moja kwa moja, nodi ya mwisho hadi nodi ya mwisho. Seva haigusi hata baiti moja ya data hiyo. Hata ikizimwa, sesheni zilizokwisha kufunguliwa kwa njia hiyo zinaendelea.

Sasa yanayoharibika. Chaguo la CPCP, linaloruhusu au kuzuia sesheni za CP-CP, lisipoguswa huwa LEASED, yaani viungo vya kudumu tu, na viungo vya Enterprise Extender havihesabiwi katika kundi hilo. Usipoandika CPCP=YES kwenye PU (ufafanuzi wa kiungo) inayokwenda kwa seva, kiungo kitapanda na kitaonekana kizima, lakini sesheni za CP-CP hazitakuja. Nodi yako imebaki kama LEN, nodi isiyoweza kutafuta majina: inafika kule tu ulikoandika kwa mkono.

Dalili hiyo hiyo huletwa na faiawoli. Enterprise Extender inatumia porti za UDP 12000 hadi 12004. Mtu wa usalama anafungua 12000 peke yake kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye logi. XID, salamu ya kutambulishana, inapita, kiungo kinapanda, watu wanapongezana. Lakini sesheni za CP-CP zina kipaumbele cha mtandao, zinasafiri kwa 12001, na huko zinagonga ukuta. Msibahatishe! Amri ya VTAM D NET,EEDIAG,TEST=YES, pamoja na anwani za IP za pande mbili, inajaribu porti zote 5 na kukuonyesha ipi haijibu.

Muda umekwisha, na mashine zenye HOSTSA (nambari ya mtandao wa zamani wa SNA) sitazifikia leo. Orodha ya NETSRVR, inayoitajia nodi ya mwisho seva zake, basi, kwa haraka: taja seva 2, si 1. Mstari wa NETSRVR usio na jina unaruhusu nodi yoyote ya mtandao kuwa seva yako, hivyo usiuweke kama hutaki hilo. Kisha zima seva ya kwanza mchana, mkiwa wote mezani, na utazame kwa amri ya D NET,NETSRVR seva ya pili inavyochukua nafasi.