Resolute hadi Grise Fiord: kilomita 380 ni muda gani?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na ramani ya ukutani. Resolute na Grise Fiord, vijiji viwili vya Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, katika jimbo la Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, vinaonekana humo vimeachana mno. Ramani hiyo huivuta ncha ya dunia ikatanuka. Kwetu Ikweta digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kule, latitudo ya 75 na nusu, ni 28 tu. Vijiji vimepishana longitudo karibu 12 na latitudo zisizofika 2, kwa hiyo umbali wa moja kwa moja ni kilomita 380 hivi. Dar hadi Dodoma kwa ndege ni mbali zaidi kidogo.

Barabara hakuna. Inayokwenda ni Twin Otter, ndege ya pangaboi mbili, kwa sababu kiwanja cha Grise Fiord ni kifupi, cha changarawe, na milima iko mgongoni mwa kijiji. Hukata kilomita 275 kwa saa. Anga ikitulia, ni saa moja na dakika 23 angani. Upepo wa mbisho wa kilomita 55 kwa saa huifanya saa moja na dakika 44. Ukisukuma kwa nyuma, saa moja na dakika 9. Angalieni hapo: upepo ule ule ukikubana kwenda na kukusaidia kurudi, safari nzima bado inazidi kwa dakika 7, maana unaubeba muda mrefu kuliko unavyokubeba.

Saa za ukutani nazo zinachanganya, kwani Grise Fiord iko mbele kwa saa moja. Ukiruka Resolute saa 4:00 asubuhi, safari ya saa moja na nusu inakufikisha saa 6:30 mchana. Ukirudi, utadhani umeruka nusu saa.

Dira ya sumaku haitegemeki huko. Marubani hufuata kaskazini halisi, na jairo, yaani gurudumu linalozunguka kasi ili kushika mwelekeo, lazima irekebishwe mara kwa mara: dunia yenyewe inaizungusha digrii 14 na nusu kila saa. Tena njia iliyonyooka huanza ikielekea digrii 54 kutoka kaskazini halisi, na kufika kijijini ikielekea digrii 66.

Lakini kinachoumiza kichwa ni mafuta. Ukungu ukifunga Grise Fiord, mara nyingi kiwanja mbadala ni pale pale ulipotoka. Kwa hiyo weka saa moja na nusu ya kwenda, nyingine ya kurudi, na akiba ya dakika 45. Kwa lita kama 340 kila saa, hizo ni lita 1,275, karibu tangi zima, ambalo hubeba lita 1,430 hivi. Kwenye mizani ni zaidi ya tani moja, na ndege haitakiwi kuzidi kilo 5,670 ikiruka. Uzito ukizidi, mafuta hayaguswi. Yanashushwa maboksi ya bidhaa, yakangoje ndege nyingine.