Jiko chini, hema juu: kupiga kambi penye dubu huko Glacier Bay

Asanteni kwa kuja, na nakushukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kambi, lakini sehemu kubwa ya maneno yangu jioni hii itakuwa juu ya maji kujaa na maji kupwa. Nivumilieni, mtaona yanavyohusiana.

Glacier Bay ni hifadhi ya taifa kusini-mashariki mwa Alaska, Marekani. Barabara ya kukufikisha huko haipo. Unafika mji mdogo wa Gustavus kwa ndege au kwa meli, unakwenda Bartlett Cove, yalipo makao ya hifadhi, na kuanzia hapo ni kayaki yako, yaani mtumbwi mwembamba wa kasia, au boti ya watalii inayokushusha ufukweni na kuondoka. Katikati ya karne ya 18 ghuba hiyo yote ilikuwa barafu. Barafu imerudi nyuma takriban kilomita 100 tangu wakati huo. Wenye nchi ni Wahuna, watu wa kabila la Tlingit, ambao barafu hiyo ndiyo iliyowahamisha, na mwaka 2016 nyumba yao ya ukoo ilifunguliwa Bartlett Cove. Ukipita pale, ingia uwaamkie wenyeji kabla hujaanza kupiga kasia.

Sasa dubu. Wako weusi, na wako wa kahawia ambao ni wakubwa zaidi. Wote wanaogelea vizuri, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukilala kisiwani umesalimika. Nyuma ya ufuko mara nyingi ni jabali au kichaka kisichopitika, na ndiyo maana dubu anapita ufukweni kama sisi tunavyopita barabarani. Hapo ndipo anapokula majani mabichi, anakwangua kome, anapindua mawe kutafuta vilivyojificha chini yake. Nawe umekuja na hema lako kutafuta kipande kile kile cha nchi.

Kwa hiyo ukishuka, usifungue mzigo. Tembea kwanza. Tafuta njia iliyokanyagwa kwenye nyasi, kinyesi, nyayo, mti uliochubuliwa magome. Ukiviona, rudi kwenye kayaki mwende ghuba ndogo inayofuata, hata kama mmechoka na mvua inanyesha. Najua ni rahisi kwangu kusema hapa, nikiwa nimekaa pakavu.

Sasa jiko. Hifadhi inawataka watu wapike na kula kwenye ile sehemu ya ufuko inayofunikwa maji yakijaa, kama mita 100 kutoka kwenye hema. Punje ya wali iliyomwagika, tone la mafuta, maji uliyooshea sufuria: yote yanabaki chini, na baada ya saa chache bahari inapita kuyafuta. Dubu atakayepita usiku hatakuta cha kunusa. Moto wa kuni nao uwashwe huko huko chini, majivu yasibaki. Hata haja kubwa inafanywa chini ya mstari wa maji kujaa, ila karatasi unaondoka nazo kwenye mfuko.

Ninyi mliokulia pwani mnaujua mchezo wa maji, lakini msiende na mazoea ya nyumbani. Unguja, bamvua kubwa linapanda kama mita 4. Glacier Bay maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 7. Tena kwetu maji yanajaa mara mbili kwa siku, na vimo vyake vinakaribiana. Huko hayalingani, na maji ya usiku wa manane yanaweza kuja juu kuliko yale uliyoyaona mchana. Mtu anaweka hema juu kidogo ya mwani ulioachwa na maji ya mchana, anaridhika, kisha saa nane za usiku anaamka godoro linaelea. Soma jedwali la maji kabla hujachagua mahali. Kayaki ibebeni juu kabisa, na muifunge.

Chakula kinakaa kwenye makopo magumu ya plastiki ambayo dubu hawezi kuyafungua. Huna haja ya kununua: wapiga kambi wanaazimwa bure Bartlett Cove, wanapopewa kibali na maelekezo ya lazima. Humo ndani weka na dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo, na takataka zote. Watu wanakumbuka nyama, wanasahau peremende iliyo mfukoni mwa koti wanalolalia. Makopo usiyatundike, usiyafunge kamba. Yaache chini, mbali na hema na mbali na jiko. Dubu akilisukuma kopo akachoka, ataondoka. Akilifungua akashiba, atarudi kwa kila hema litakalofuata, na mwisho wake mara nyingi ni risasi. Mimi sioni tofauti kati ya mtu huyo aliyeacha kopo wazi na yule aliyefyatua.

Naona mkono kule nyuma. Naam, mama. Anauliza, ukikutana na dubu uso kwa uso ufanyeje. Usikimbie, kwa sababu hutamshinda mbio. Jikusanyeni pamoja, semeni kwa sauti ya kawaida, rudini nyuma polepole. Akisogea, mnasimama. Dawa ya pilipili ya kupuliza iwe kiunoni, isiwe ndani ya begi, na inapulizwa akiwa karibu sana, mita 8 hivi. Na tafadhali, isipakwe kwenye hema kama dawa ya mbu! Wapo waliofanya hivyo, na harufu yake ikikauka inaweza kumwita dubu badala ya kumfukuza.

Dawa hiyo haipandi ndege ya abiria, wala mkononi wala kwenye mzigo wa chini, kwa hiyo mtainunua mkishafika Alaska.